Mtungi Uliopata Baridi

Jumamosi, 8 Februari

Na huo mtungi wenyewe ndo umefika leo, umekuja na lori la nazi, umeviringishwa kwenye gunia kama mbuzi aliyechinjwa. Andika hivyo hivyo, Joyness, usinitengenezee. Wewe ni mwalimu wa chekechea, mimi si mtoto wa chekechea. Shule sikwenda, nilikwenda shamba, lakini maneno ninayo. Na kama binti yangu Bertha ana daftari la gari yake, kila bolti anaiandika, basi na mimi mama yake niwe na langu, la watu wanaoizunguka hiyo gari. Mkwe wangu ataandika, mimi nitasema.

Mtungi ni wa bluu, umechubuka, mrefu kama mtoto anayeanza kusimama. Umekuja na mipira yake, geji ya kupimia nguvu ya gesi, vali mbili ndogo za umeme, na furushi la nyaya zilizokatwa katwa kama nywele za mgonjwa. Vyote vimetumika. Bertha kavipata kwa mtu wa Dar aliyeacha mashindano. Gesi ya ndani wanaiita nitro.

Nikamuuliza, kazi yake nini? Akasema, "Mama, huku kwetu juu hewa ni nyembamba. Injini inahema kama wewe ukipanda kanisani. Hii gesi inaiongezea pumzi. Unakanyaga mafuta mpaka mwisho, gari inapata pumzi ya pwani huku iko mlimani."

Nikasema, basi nifungieni mimi kwanza.

Alicheka, na Bertha hacheki ovyo. Tangu mwaka jana kule Iringa hajacheka sana. Yale mashindano ya kupanda mlima, njia ya shamba la miti, alikuwa mbele mpaka kona ya pili, halafu wanaume wawili wakampita kama amesimama kununua nyanya. Hakulia. Alinyamaza siku tatu. Wiki nzima anaendesha Fuso, anabeba mchele wa Ubaruku, na Jumapili yuko chini ya ile Mark Two yake nyeupe. Mwaka huu mashindano ni tarehe 26 Aprili. Mvua zikiwa zinaisha isha.

Jumatatu, 10 Februari

Fundi umeme kaanza. Anaitwa Nasri. Mtu mzima, ndevu zina mvi, babu yake alikuja Mbeya kutoka Tanga kuuza vitambaa wakati mimi bado nachunga. Hana gereji yake, anafanya kazi za watu hapa uani kwetu Iyunga, na chakula cha mchana anakula kwangu kama mafundi wote.

Mwanangu Saulo, mume wa huyu anayeandika, yeye ni fundi injini, gereji ni yake. Saulo mkono wake mwepesi. Unamletea gari asubuhi, mchana unaondoka. Huyu Nasri leo hakugusa gari kabisa. Alikaa juu ya tairi akauangalia ule mtungi. Kisha akaja kwangu akasema, "Shikamoo mama. Naomba mizani yako ya viazi."

Nikajua anataka viazi. Kumbe kautundika mtungi kwenye mizani, akaandika kilo zake ukutani kwa mkaa. "Gesi haionekani, mama, lakini ina uzito. Kila Jumatatu nitapima. Ukipungua nijue unavuja."

Saulo akasema, "Nasri, mtungi haunenepi."

"Sitaki unenepe," Nasri akajibu. "Nataka usikonde."

Mimi nilimwona mvivu mwenye maneno. Niliandika hivyo kichwani, sasa naandika hapa.

Ijumaa, 14 Februari

Mvua. Viazi vya shimoni vimeanza kuoza. Nasri bado anasafisha vali.

Alhamisi, 20 Februari

Leo alizijaribu vali juu ya meza. Anagusisha waya kwenye betri, vali inasema tak. Anaachia, inasema tak. Moja ikagoma. Akaifungua tena, akatoa kauchafu kadogo kama punje ya ulezi, akanionyesha. "Kama hii ingebaki, mama, vali ingefunguka isifunge. Gesi ingeendelea kuingia hata Bertha ameinua mguu."

"Na ikiendelea kuingia?"

"Injini inapasuka. Na injini iko mbele ya magoti yake."

Nikaacha kukuna nazi.

Zile nyaya za zamani zote kazitupa, kanunua mpya nene. Kisha kaja kuniomba nyuzi za kushonea. Nyekundu kaifunga kwenye waya unaotoka betri kupitia fyuzi. Kijani kwenye waya wa swichi ya mkononi. Njano kwenye waya wa kaswichi kadogo kanakokaa chini ya pedeli ya mafuta, ili mguu ukitoka tu gesi ifunge yenyewe. Zote zinakutana kwenye kakopo keusi, wanaita rilei, ndiko kanakoruhusu umeme uende kwenye vali.

Saulo akapita. "Bwana Nasri, unafunga gari au unasuka mkeka?"

"Mkeka ningeshamaliza. Mkeka haulipuki."

Jumatano, 5 Machi

Waislamu wamefunga tangu Jumapili, na sisi Wakatoliki leo tumepakwa majivu. Kwa hiyo uani kwangu nina watu wa aina tatu. Nasri hali wala hanywi mpaka jioni. Mimi nakula mara moja. Na Saulo, niliyembatizisha mwenyewe, amekaa katikati yetu anakula chipsi na kuku.

Jioni nimempikia Nasri uji wa ulezi. Kaunywa taratibu, kijiko kwa kijiko, kama anavyofunga nyaya. Nikamuuliza kwa nini kila kitu anakifanya polepole. Akasema alipokuwa kijana alifunga taa za lori kwa haraka, zikazima zote mlima Kitonga, dereva akaingia korongoni. Alipona, ila mguu mmoja haupo. Bado wanasalimiana.

Basi nilikuwa sijui hilo. Nilikuwa nasema mvivu.

Jumatatu, 17 Machi

Kapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote, hakuna kinachovuja. Mtungi kwenye mizani haujapungua hata robo. Saulo kaangalia ile orodha ya ukutani, hakusema kitu, na kwa Saulo hiyo ni sifa.

Jumatano, 19 Machi

Mtungi umepasuka kale kasahani kake ka usalama, kanakotoboka gesi ikizidi nguvu, na gesi yote imetoka. Nasri ameondoka. Leo tuishie hapa, mkono unauma.

Alhamisi, 20 Machi

Joyness anataka niseme yaliyotokea jana baada ya yeye kurudi kutoka shuleni, wakati yeye mwenyewe alikuwepo. Haya. Saulo alifika kutoka dukani, akakuta mtungi umelala chini umeganda barafu. Uani watu wameshajaa, Vitus wa kuchomelea na vijana wake, mama wa chai, bwana mmoja mwenye basi la shule aliyekuwa amempa Nasri kazi, wateja. Nasri akaja mbio kutoka msikitini, kanzu imelowa mvua.

Saulo akamwambia mbele yao wote, "Ndo huyu fundi wa mizani na nyuzi. Mwezi na ushei anashona, halafu mtungi anauacha wazi anakwenda kuswali."

"Sikuuacha wazi."

"Kwa hiyo umejipasua wenyewe?"

Nasri akaangalia sakafu. Akaiangalia muda mrefu. Akapitisha kiatu chake pale chini, hivi, kama mtu anayefuta kitu. Kisha akasema, "Kama mmeona ni mimi, basi ni mimi."

Bertha akaingia na Fuso. Alimuuliza mara moja tu. "Nasri, kimetokea nini?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

Akanyamaza. Bertha akasema, "Basi kusanya vyombo vyako." Na akakusanya, bisibisi moja moja, watu wanamwangalia. Yule bwana wa basi la shule akamwambia hapo hapo, "Na ile kazi yangu iache, nitatafuta mwingine."

Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko. Andika kwamba nilikuwa mlangoni.

Jumapili, 23 Machi

Nilikwenda misa. Sikukomunika.

Jumanne, 25 Machi

Wanasema Nasri yuko Ubaruku, anafunga mota za mashine ya kukoboa mpunga. Hapa mjini gereji tatu zimeshamkataa. Habari inafika kabla yake.

Alhamisi, 27 Machi

Funga mlango, Joyness. Kaa. Andika na usiniangalie usoni, angalia daftari.

Jumatano ile mvua ilinyesha tangu alfajiri, ile mvua ya Mbeya isiyo na haraka, inaingia mpaka kwenye mifupa. Mtungi walikuwa wameutoa kwenye buti ya gari, umeegemea ukuta. Nasri akaangalia geji, akatikisa kichwa. Akasema, "Mtungi umepata baridi, mama. Gesi ikipoa inalala, haina nguvu ya kutoka. Kesho nitaleta blanketi na maji ya uvuguvugu tuukande." Kisha akaenda msikitini. Saulo yuko dukani, wewe uko shuleni, Bertha yuko barabarani, na Vitus na wenzake wamejikunyata kule kwenye banda lao.

Sasa mimi, tangu nimezaliwa kule Ilula, kitu kikipata baridi najua cha kufanya. Vifaranga wakipata baridi, unasogeza jiko. Unga ukikataa kuumuka, unasogeza jiko. Saulo kazaliwa Juni, Bertha kazaliwa Julai, na baridi ya miezi hiyo unaijua, wote wawili nimewalea na jiko la mkaa pembeni ya kitanda, dirisha nimeliacha wazi kidogo. Huyu mtu kasema maji ya uvuguvugu na blanketi, mimi nimesikia baridi tu. Nikasema huyu amefunga, tumbo tupu, kesho ahangaike na blanketi kwa nini? Nilikuwa nimeshampenda, Joyness. Ningekuwa bado namwona mvivu nisingemsaidia. Nikachukua jiko langu, makaa yameshika vizuri, mekundu, nikaliweka karibu na mtungi, nikarudi kuchambua maharage.

Nilikuwa nimefika nusu ya ungo. Nikasikia kama tairi la lori linatoboka, halafu halimalizi kutoboka. Nikatoka. Ukungu mweupe, baridi kali, na katikati ya ukungu makaa yangu yanawaka meupe, meupe kama pale Vitus anapochomelea, sijawahi kuona makaa yanawaka vile. Mtungi unatambaa sakafuni kama nyoka aliyekatwa. Harufu tamu, halafu kama kiberiti. Kichwa kikawa chepesi. Na nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, sijui nacheka nini. Kisha ikanyamaza.

Nikasikia miguu ya kina Vitus inakuja. Kabla hawajazunguka lile kontena linalokinga banda lao, nikalishika jiko kwa pindo la khanga nikalirudisha jikoni. Uliniuliza vidole nimeunguaje, nikasema mafuta ya maandazi. Si maandazi.

Kukosea ni kitu kimoja. Kulirudisha jiko jikoni ni kitu kingine. Hapo piga mstari chini yake.

Na alichokuwa anakiangalia Nasri pale sakafuni ni majivu. Jiko langu linamwaga majivu kwa chini, limeacha duara kwenye saruji. Aliliona lile duara. Akaniangalia mimi mlangoni. Kisha akalifuta kwa kiatu.

Mkwe wangu ameweka kalamu chini. Nimemwambia aokote. Anasema, "Mama, mimi nalala kitanda kimoja na Saulo. Hili nitalibeba vipi?" Nimemwambia anipe mpaka Jumapili ya Matawi. Ameandika, lakini anaandika kwa kukandamiza, karatasi inatoboka.

Jumatatu, 31 Machi

Iddi. Nasri hayupo wa kupelekewa sahani.

Jumamosi, 5 Aprili

Saulo anamalizia nyaya mwenyewe. Nilikaa karibu, nimejifanya nachambua mboga. Akiwasha, fyuzi inakatika. Anaweka nyingine, inakatika. Ya tatu ilipokatika akachukua nyuzi za shaba kutoka kwenye waya wa taa, akazisokota, akazikaza pale penye fyuzi.

"Hiyo nini?"

"Hii haikatiki, Mama."

"Si kazi yake kukatika?"

Akacheka. "Umekaa sana na Nasri wewe." Halafu akakata waya wenye uzi wa njano, wa kale kaswichi ka pedeli. Anasema kanachelewesha. Bertha atabonyeza kwa mkono atakapotaka.

Kila fundi wa mjini hapa anaweka shaba penye fyuzi. Taa za nyumba yangu zina shaba. Redio ya marehemu mume wangu Adrian ilikuwa na shaba. Nikaendelea na mboga.

Ijumaa, 11 Aprili

Mtungi umerudi kutoka Dar, kasahani kapya, umejazwa. Bertha kauza pikipiki yake kwa ajili hiyo. Hakuna aliyeupima kwenye mizani.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Nikaungama kwa padri, yote, mpaka kucheka. Akasikiliza, akasema, "Mama Rozalia, mimi nimesikia, Mungu amesikia. Aliyefukuzwa ndiye hajasikia."

Nikarudi nyumbani na tawi langu nikalichomeka mlangoni. Joyness akaniangalia tangu chai mpaka chakula cha jioni. Sikumwambia Bertha, leo alichoka, nilimhurumia. Si kweli. Nilijihurumia.

Jumanne, 15 Aprili

Kaa vizuri, leo ni ndefu.

Saa nne asubuhi walitaka kujaribu. Gari imesimama uani, matairi ya nyuma yameinuliwa juu ya magogo. Bertha ndani, Saulo nje. Injini ikanguruma, Bertha akabonyeza swichi, ikapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwenye gari, kuku wote wakaenda barabarani. Saulo akainua dole gumba. Bertha akaachia swichi.

Kelele ikaendelea.

Bertha akainua mguu. Ikaendelea. Akazima kwa ufunguo, injini ikakatika kwa kishindo, lakini nyuma bado nasikia fsss, gesi inaingia tu, na chini ya bonati moshi, harufu ya plastiki inayoungua. Ule waya wa Saulo ulikuwa umeyeyuka ukashikana na mwenzake. Penye shaba pamekuwa pekundu kama jiko. Saulo akakimbilia buti, akafungua, akafunga mtungi kwa mkono.

Bertha akashuka. Akasema, "Iringa mlimani nani atakimbilia buti?"

Saulo kapauka, lakini akasema, "Kitu kidogo tu hiki. Nitakaza, nitafunga nene zaidi."

"Mashindano ni Jumamosi ya wiki ijayo, Saulo. Zimebaki siku kumi na moja."

"Nitamaliza leo."

Na Bertha akaitikia kwa kichwa. Nilimwona. Angepanda hiyo gari. Baada ya mwaka mzima wa kunyamaza angepanda hata na waya wa nguo.

Nikamwita jikoni. Nikamwambia akae kwenye kigoda, mimi nikasimama, kama yeye ndo mama. Nikamwambia. Jiko, maharage, majivu, khanga. Nilimwonyesha vidole.

Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Nasri alijua?"

"Alijua tangu siku ile."

"Na mimi nikamwambia akusanye vyombo."

"Ulimwambia kwa sababu mimi nilinyamaza."

"Hapana, Mama. Nilimwambia kwa sababu yeye alinyamaza, na nilidhani anayenyamaza ndiye mwenye kosa." Akainuka, akanawa mikono kwenye karai langu, akaifuta kwenye suruali. "Umemaliza? Kuna kingine?"

"Saulo kakata uzi wa njano."

"Huo nitamuuliza mwenyewe."

Akawasha Fuso bila mzigo, akaondoka kwenda Ubaruku. Saulo kaja kuuliza anakwenda wapi. Nikamwambia na yeye. Alikaa juu ya lile tairi la Nasri mpaka mvua ikamkuta pale.

Alhamisi, 17 Aprili

Alhamisi Kuu. Nasri amerudi jana na Bertha. Ameshuka na kisanduku chake, akaja moja kwa moja mlangoni kwangu. "Shikamoo mama."

Sikuweza kusema marahaba. Nikasema, "Uliona majivu."

"Niliona."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Wewe ni mama wa Saulo na Bertha, uko nyumbani kwako, watu wamejaa. Nikusute kwa sababu umenisaidia?" Akatabasamu kidogo. "Na mimi nina kosa. Nilisema umepata baridi. Nilipaswa kusema usiukaribie na moto. Mtu unayekula kwake unamwambia vitu nusu, unadhani ameelewa."

"Usichukue kosa langu."

"Sichukui lote, mama. Nachukua kidogo changu."

Ameuliza mizani iko wapi. Kautundika mtungi, kaandika ukutani chini ya zile namba za zamani. Kisha kakata nyaya zote za Saulo, kazipanga chini. Saulo alikuja akachuchumaa karibu yake. Nilikuwa nasikiliza, sikatai.

"Ile shaba," Nasri akasema, "uliweka kwa sababu fyuzi zinakatika. Hukuuliza zinakatika kwa nini?"

"Nilikuwa na haraka."

"Waya huu ulikuwa umebanwa na bodi hapa. Fyuzi ilikuwa inakwambia kila siku."

Saulo akaupapasa ule waya. Baadaye akamshikia tochi mpaka adhuhuri. Saulo, kushika tochi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua haikunyesha. Nasri kapelekewa pilau, kasema imezidi chumvi.

Jumanne, 22 Aprili

Wamejaribu. Bertha anakanyaga mpaka chini, inanguruma. Anainua mguu, tak, kimya. Mara ishirini nimehesabu kwa maharage, mara ishirini tak.

Basi nikamuuliza Nasri, nikulipe nini? Si hela, nauliza kwa jambo letu. Akawa anakunja waya. Akasema hadai kitu. Kisha, huku haniangalii, "Yaliyosemwa siku ile yalisemwa mbele ya watu kumi na moja."

Kumi na moja. Aliwahesabu.

Jioni nikawaambia wanangu nitasimama mbele ya hao hao niseme. Saulo kakataa. "Mama, mtu mzima kama wewe, mbele ya vijana wa Vitus? Nitawaambia mimi, mmoja mmoja. Nitasema ilikuwa bahati mbaya."

"Bahati mbaya haina jina. Watabaki wanajua ni Nasri."

"Watakucheka."

"Wacheke."

Nikawasimulia habari ya baba yao, ambayo sikuwahi kuwasimulia yote. Adrian alikuwa fundi reli pale stesheni. Siku moja spana kubwa ya karakana ikapotea, wakasema ni yeye, kwa sababu zamu ilikuwa yake. Akahamishiwa stesheni ya porini, miaka minne, mimi hapa na watoto. Baadaye spana ikaonekana, kuna bosi aliazima kufungia tangi la maji nyumbani kwake. Bosi akamwita Adrian ofisini, akafunga mlango, akamwomba radhi vizuri sana, mpaka chai akampa. Akarudishwa mjini. Lakini mlango ulikuwa umefungwa. Mpaka anazikwa, makaburini kabisa, nimesikia mtu nyuma yangu anasema, ndo yule wa spana.

Saulo kainamisha kichwa. Bertha akasema, "Alhamisi. Kabla sijaondoka Ijumaa."

Alhamisi, 24 Aprili

Gari iko tayari, imeoshwa, imegeuzwa inaangalia barabara. Kesho alfajiri wanaondoka, Bertha na Nasri mbele, Saulo nyuma na Fuso kama kitu kitatokea. Mtungi umefungwa kwenye buti na mikanda miwili, na Nasri kauviringisha blanketi langu la kijivu. Kaniomba mwenyewe. Kaniambia pia, polepole, neno moja moja, mambo yote ambayo mtungi hautaki: moto, jua kali, kuanguka. Nikamrudishia yote mpaka akaridhika.

Watu wanafika. Saulo ndo kawaita, kazunguka mwenyewe tangu asubuhi, kapanga mabenchi. Nawaona kwa dirisha. Vitus kaja na vijana wake wanne, wamenawa uso. Mama wa chai kavaa kitenge kipya, anajua kuna jambo. Yule bwana wa basi la shule amekaa pembeni anaangalia saa. Nasri kakaa nyuma kabisa, juu ya tairi lake, kainamisha kichwa anakunja kipande cha waya.

Nilikuwa nimepanga maneno. Nianze na mvua, nianze na Ilula, nianze na vifaranga. Joyness anasema nianze na jiko. Labda ni kweli, nikianza na vifaranga nitafika kesho. Lakini na wewe uliandika yote haya bila kunisema kwa mume wako, ukakaa nayo siku kumi na tisa, na sikukushukuru. Andika kwamba nimekushukuru. Na ulipofika pale pa kucheka uliandika kweli? Nisomee. Haya, umeandika. Hilo la kucheka nitalisema pia, ingawa Nasri kasema gesi hiyo ukiivuta inachekesha, wasije wakasikia kwingine.

Magoti yananiuma lakini mvua haiji leo, nadhani zimekwisha. Nilitaka kusema kuhusu Bertha, kwamba nilikuwa namwona...

"Mama. Wote kumi na moja wameshakaa. Tunakusubiri wewe."

Nakuja, Bertha. Joyness, acha hapo. Lete lile jiko, wacha majivu yake, nitatoka nalo mkononi. Hapana, usinishike. Tangulia ufungue mlango.